Mahari ya Mwalimu Kelebonye

Ng'ombe wa Sethunya walikataliwa kwa sababu ng'ombe wa mama yake hawakuwahi kulipwa.

Neno hilo lilitolewa Jumamosi, kabla jua halijapanda, mbele ya wakwe kutoka Serowe waliofika Kanye, kusini mwa Botswana, na suti zao na mablanketi yao, njaa ya safari ikiwauma. Hawakuja kuposa. Posa ilikwisha tangu mwaka jana. Walikuja kukubaliana siku ya kuleta ng'ombe ili harusi ifuate. Harusi yenyewe ilibakiza wiki tatu. Hema lilikuwa limeshalipiwa, na leteisi, kitambaa cha bluu cha sherehe, kilishakatwa na kushonwa, kila shangazi na gauni lake.

Mzee wa Serowe alikuwa bado anasalimia. Molatlhegi, mjomba wa bibi harusi, akainua mkono.

"Wakwe zetu, tunawaheshimu. Ng'ombe wenu tumesikia wakilia huko njiani. Lakini zizi la kuwatia hatuna. Mama wa huyu binti ni dada yangu, tumbo moja. Miaka thelathini na moja yuko kwa mume, na hatujaona hata ukwato wa mbuzi. Ndama hatangulii ng'ombe mlangoni."

Wanaume waliokaa kwenye viti vifupi vya kgotla, baraza la ukoo, waliangalia chini. Mzee wa Serowe alikohoa, akauliza kwa adabu kama ameelewa vizuri. Akaambiwa ameelewa vizuri.

Kelebonye aliyasikia hayo akiwa nyuma ya nyumba, kwenye sufuria za wapishi, akikata kabichi. Mwanamke ambaye ng'ombe wake hawajalipwa haingii kwenye mazungumzo ya mahari, hata kama ni ya mtoto aliyemzaa mwenyewe. Alikuwa na miaka hamsini na saba, na shahada ya udaktari ya sayansikimu, na miaka thelathini ya kufundisha walimu chuoni. Kisu kikasimama juu ya kabichi. Wanawake wenzake wa jikoni wakanyamaza wote kwa pamoja, halafu wote kwa pamoja wakaanza kuzungumzia chumvi.

Wageni walikunywa chai, wakala kidogo, wakaondoka na ahadi kwamba mambo yatawekwa sawa kabla ya Jumamosi ijayo. Hawakugombana. Hilo ndilo lililomtisha Kelebonye kuliko yote. Watu wakigombana unajua walipo.

"Kaka, ungeniambia mapema," alisema wakati gari la mwisho limeondoka. Molatlhegi alikuwa anakusanya viti.

"Nikwambie nini usichokijua?"

"Kwamba utanivua nguo mbele ya wakwe."

"Aliyekuvua nguo ni wewe mwenyewe, Kele. Mwaka ule ulisimama hapa hapa na cheti cha ndoa cha mkuu wa wilaya mkononi, ukasema wewe huuzwi. Sawa. Ukaondoka zako. Unajua mama alibaki na nini? Kila akipita kisimani anaulizwa, 'Mma, ng'ombe wenu wa binti msomi wanalisha wapi siku hizi?' Wanacheka. Mpaka tunamzika hajavikwa blanketi la ukwe."

"Mama hakuniambia."

"Ulimuuliza?"

Molatlhegi akapanga kiti juu ya kiti.

"Wanane," alisema. "Na koti langu, na kofia, na viatu namba tisa. Blanketi la shangazi, na blanketi la mama."

"Mama amekufa, kaka."

"Blanketi lake halijafa. Na wawe ng'ombe wenye miguu. Pesa za kwenye simu sitaki, sitazichunga."

"Unajua ninafundisha nini, lakini?"

"Najua. Amani. Unazunguka nchi nzima ukifundisha watu amani ya nyumbani. Basi anzia nyumbani."

*

Kile alichofundisha Kelebonye kilikuwa chepesi kukisema, kigumu kukila. Alifundisha kwamba vita haianzii mpakani, inaanzia dukani. Mtu ananunua kochi kwa sababu jirani ana kochi, analikopea, mshahara unaisha tarehe kumi, mume na mke wanaanza kurushiana maneno, watoto wanajifunza kwamba hivyo ndivyo watu wanavyoishi. Zidisha nyumba hiyo mara elfu, alikuwa akisema, halafu niambieni kama mnashangaa watu wakipigana. Kabla ya kununua chochote, jiulize: hii ni haja au tamaa? Wanafunzi walimwita Mwalimu Haja. Baadhi walimwita hivyo kwa mapenzi.

Alikuwa ameandika mtaala mzima. Kupika, kushona, kupanga pesa, na kusuluhisha ugomvi, vyote somo moja. Wizara ilikuwa imekaa nao mwaka wa pili sasa.

Nyumbani jioni ile hakuna aliyewasha televisheni. Othusitse, mumewe, alikaa na kikombe cha chai kilichopoa. Aliwahi kuwa msoma mita za maji, sasa amestaafu, mtu mpole mwenye utani wa polepole. Kwenye kambi ya ng'ombe ya marehemu baba yake, ukame ulikuwa umemwachia ng'ombe wanne.

"Mimi nilikuwa tayari," alisema. "Mwaka ule nilikuwa nao kumi na wanne, wanene."

"Najua."

"Ulinijibu kwamba wewe si friji, hununuliwi."

Sethunya alikuwa muuguzi, miaka ishirini na tisa. Hakucheka. Alikuwa amekaa na simu mapajani, na simu ilikuwa kimya, na kimya hicho kilikuwa kinamla. Phenyo, mchumba wake, hakuwa amepiga tangu mchana.

"Mama, utalipiwa au hulipiwi?"

"Mwanangu, si jambo la kujibu hivi hivi. Nikikubali, maneno yote niliyosema..."

"Maneno yote uliyosema kwa nani? Kwa wanafunzi?" Sauti ilipanda. "Mimi nimekuwa mfano wa somo tangu darasa la pili. Viatu vyangu ulivisimulia chuoni. 'Binti yangu ana jozi moja na anafaulu.' Nilikutana na mwalimu mmoja kule Lobatse, simjui hanijui, akaniangalia miguu! Sijakuomba kitu. Nguo za harusi nimenunua kwa mshahara wangu, ukaniuliza haja au tamaa, nikanyamaza. Leo nakuomba kitu kimoja. Kubali ulipiwe."

"Sethu," alisema baba yake.

"Baba, niache. Mama yake Phenyo hakunitaka tangu mwanzo. Anasubiri sababu tu. Leo amepewa, tena kwenye sahani."

Akaingia chumbani. Hakuubamiza mlango. Aliufunga taratibu, jinsi muuguzi anavyofunga mlango wa mgonjwa.

Othusitse akanywa chai iliyopoa. "Wanne ninao," alisema. "Wanne wengine sina. Ng'ombe dume wa maana sasa ni pula elfu sita. Na hilo koti la shemeji, usidhani atavaa la mtumba."

"Tutakopa wapi?"

Aliposikia neno hilo likitoka kinywani mwake Kelebonye alishtuka, kama mtu aliyekanyaga kitu gizani. Othusitse aliinama akatafuta kitu kwenye kikombe.

*

Duka la mikopo lilikuwa kati ya duka la samani na duka la majeneza. Kelebonye alikuwa akilitumia kama mfano darasani kwa miaka: angalieni walivyojipanga, mnatoka hapa mnaingia pale, mnamalizia kule. Jumatatu alipita mara mbili kwa gari kabla ya kuegesha, na aliegesha mbali, mbele ya posta, ili atakayeliona gari aseme amekwenda posta.

Ndani kulikuwa na foleni. Mwanamume mmoja aliyevaa ovaroli akampisha kiti. "Kaa, mama. Hapa hakuna anayesimama kwa raha."

Nyuma ya kioo alikaa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, nywele zimesukwa vizuri, kadi ya jina shingoni. Alitazama juu, uso ukakunjuka.

"Mwalimu Haja! Ni mimi, Bonyana. Nilikaa mstari wa nyuma. Mwaka ule nilishona mto ukaniambia unafanana na kinyonga."

"Bonyana. Nilidhani unafundisha."

"Nilifundisha miaka miwili, mwalimu. Hapa wanalipa." Akashusha sauti. "Umekuja kutufanyia utafiti? Kama ule wa zamani, na maswali?"

Kelebonye alitamani sana kusema ndiyo. Ndiyo ilikuwa pale pale kwenye ncha ya ulimi.

"Nimekuja kukopa."

Bonyana akawa mfanyakazi. Vidole vikaanza kugonga. Mshahara? Miaka iliyobaki kazini? Mitatu. Kiasi? Elfu thelathini.

"Wa nini, mwalimu? Mashine haipiti bila kujazwa."

"Kununua ng'ombe."

"Mradi wa mifugo. Vizuri, una riba nafuu kidogo. Una nambari ya zizi?"

"Si mradi. Mahari."

"Oho! Kijana anaoa?"

"Sina mtoto wa kiume."

Bonyana alisubiri. Mtu wa ovaroli naye alisubiri, nyuma, na wa nyuma yake pia.

"Ni yangu," alisema Kelebonye. "Mahari yangu mimi."

Kule nyuma mtu alifanya kikohozi kilichoanza kama kicheko. Bonyana hakucheka, na Kelebonye alimshukuru kwa hilo, mpaka alipoona kwamba macho yake yamejaa huruma. Huruma ilikuwa mbaya zaidi.

"Mashine ina harusi, mazishi, samani, gari, ada na matibabu," alisema Bonyana polepole. "Niweke harusi?"

"Weka harusi."

"Miezi sitini. Kila mwezi mia saba na sabini. Mwalimu... ile sheria yako ya kulala siku tatu kabla ya kutia saini. Bado unaifundisha?"

"Bado."

"Utalala siku tatu?"

"Ng'ombe wanatakiwa Ijumaa, Bonyana. Nipe kalamu."

*

Ijumaa ng'ombe waliingia kabla ya jua, wanane, wanne wa Othusitse na wanne walionunuliwa huko Moshupa kwa haraka na kwa bei ya mtu mwenye haraka. Mmoja alikuwa amekonda, mbavu zinahesabika. Molatlhegi aliwazunguka mara mbili, koti jipya mwilini, kofia mpya kichwani. Kelebonye alikuwa ndani, akisikiliza kwato. Huyo aliyekonda akirudishwa, hakuna muda wa kumtafuta mwingine. Kesho watu wa Serowe wanarudi.

"Huyu amefunga saumu?" aliuliza Molatlhegi.

"Anatoka mbali, shemeji," alisema Othusitse. "Na mwenye kudaiwa mahari miaka thelathini hawezi kunenepa."

Wazee wakacheka, Molatlhegi akajizuia, akashindwa, akacheka naye. Ng'ombe wakatiwa zizini. Wanawake wakapiga vigelegele, na mle ndani Kelebonye akapumua mara ya kwanza tangu Jumamosi. Sethunya, aliyekuwa dirishani, alimtazama mama yake na kutabasamu. Hakuwa ametabasamu wiki nzima.

Kilichobaki kilikuwa nasaha.

Wakamkalisha Kelebonye kwenye mkeka kama bibi harusi, miguu amenyoosha, blanketi dogo mabegani limefungwa kwa pini, kichwa chini. Bibi harusi haangalii watu na hajibu. Anayejibu nasaha amewakataa wanaomnasihi. Sheria hiyo haikuandikwa popote, na hakuna aliyewahi kuona ikivunjwa. Chumba kilijaa wanawake walioolewa kwa ng'ombe, wadogo kwa wakubwa. Wawili kati yao aliwafundisha kupika mayai. Sethunya alitolewa nje kwa kuwa bado si mke wa mtu, akabaki chini ya dirisha na mabinti wengine, na dirisha lilikuwa wazi kwa sababu ya joto la watu.

Alianza wifi yake Mmaditiro, mke wa Molatlhegi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kanisani.

"Kelebonye, leo umekuwa mtu. Mlango wa mume wako uwe mlango wako. Amka kabla yake."

"Amka!" wakaitikia.

"Chakula chake kisipoe."

"Kisipoe!"

Kelebonye aliangalia vidole vyake vya miguu. Othusitse ndiye aliyekuwa akiamka kwanza nyumba ile, akapika uji wa mtama, akauunguza. Kicheko kilimpanda akakiuma. Nyamaza, alijiambia. Ni nusu saa tu ya maisha yako. Kimya chako ni harusi ya mtoto.

Akasimama binti mmoja, hata miaka thelathini hana, ameolewa Desemba. "Mama, usimnyime mume tabasamu kwa sababu umechoka." Wakapiga makofi. Akasimama mwingine. Akasimama bibi mmoja mwenye fimbo, akasema ndoa ni mzigo wa kuni, anayeutua njiani hapiki. Kelebonye aliona hilo lina akili. Jasho lilimtiririka mgongoni chini ya blanketi. Akahisi karibu wanamaliza.

Mmaditiro akarudi katikati.

"La mwisho, nalo ndilo kubwa. Sikia vizuri wewe msomi, maana tunakujua. Mwanamume haulizwi alikotoka."

"Haulizwi!"

"Arudi jioni, arudi asubuhi, arudi na shati la mtu mwingine. Utamwekea maji aoge. Haulizwi alikotoka."

"Haulizwi!"

Nje chini ya dirisha mabinti walikuwa wamenyamaza wanasikiliza. Kelebonye alijua nani yuko pale. Kwa miaka thelathini alikuwa amesimama mbele ya wasichana akiwaambia kinyume cha neno hili. Wengine walimwandikia barua baadaye, na mmoja hakuwahi kuandika kwa sababu alizikwa, mume alirudi asubuhi na mkewe hakuuliza, na ugonjwa haukuuliza pia. Alimfundisha yule. Alikaa mstari wa mbele.

"Anaulizwa," alisema Kelebonye.

Hakusema kwa nguvu. Alisema kama mtu anavyosahihisha hesabu ubaoni. Lakini makofi yalikatika, na bibi mwenye fimbo akauliza, "Amesema nini? Nani amesema?"

"Bibi harusi," mtu akanong'ona. "Bibi harusi amejibu!"

*

Walikwenda kuwaambia wanaume. Kgotla ikaitishwa upya na ng'ombe bado wanatimua vumbi zizini. Kelebonye aliitwa, akasimama na blanketi lake.

Molatlhegi alikuwa amevua kofia mpya. "Kele, nakuuliza kama kaka yako. Ulikohoa, sivyo? Watu wakasikia vibaya."

Ulikuwa mlango, na alikuwa ameuacha wazi kwa makusudi. Wazee wote walimwona anaufungua, nao wakamngoja Kelebonye apite.

"Mama," alisema Sethunya kando ya ukuta. "Mama, tafadhali. Sema ulikohoa."

Kelebonye alimwangalia mwanawe. Uso ulikuwa umepauka, mikono imeshikana. Kama angeweza kukohoa wakati ule angekohoa mpaka damu.

"Sikukohoa, kaka. Nilisema anaulizwa. Wewe mwenyewe uliniuliza juzi kama nilimuuliza mama. Basi ni hivyo hivyo. Watu wa nyumba moja wanaulizana. Wasipoulizana wanakaa tu, kila mtu na lake, mpaka siku wanauana. Nyumba hiyo haina amani, ina utulivu wa mochari."

"Hatukukuitia mhadhara!" alifoka mzee mmoja. "Mwanamke ametukana nasaha! Ng'ombe warudi kwao!"

"Wakirudi, kesho tutawaambia nini watu wa Serowe?" aliuliza mwingine.

"Tuwaambie ukweli, kwamba mama mkwe wao ana mdomo!"

Zogo likawa zogo. Wengine walitaka ng'ombe warudi, wengine walitaka faini. Sethunya alikuwa amechuchumaa, kichwa kati ya magoti. Ndipo Othusitse, ambaye siku hiyo desturi ilimtaka akae pembeni kama mwoaji, akasimama. Hakuwa mtu wa kusimama kwenye kgotla.

"Wazee, naomba kusema. Mimi ndiye mwanamume mwenyewe. Nimeulizwa nilikotoka miaka thelathini na moja, kila siku Mungu aliyoleta. Hata nikitoka chooni." Mtu akacheka. "Sijafa. Sijapungua. Lakini kama neno lake lina bei, semeni bei."

Walikaa chini kusema bei. Faini ya kudharau nasaha, walikubaliana, ni ng'ombe mmoja. Ikaonekana imekwisha, mpaka yule bibi mwenye fimbo akapaza sauti kutoka upande wa wanawake.

"Wanane na mmoja ni tisa. Mmeona wapi zizi la mahari lina tisa? Tisa ni mguu wa kilema. Ndoa ni jozi na ng'ombe wake ni jozi."

Wazee wakatazamana. Lilikuwa jambo la kweli, hakuna wa kulipinga. Molatlhegi akajaribu kusema faini si mahari, ihesabiwe mbali, lakini alisema kinyonge, na mzee mkuu, mwenye kiti kifupi kuliko vyote, akatikisa kichwa. Ng'ombe watalala zizi moja, watahesabiwa pamoja.

"Wawili," alisema. "Kabla ya watu wa Serowe kufika."

"Hatuna," alisema Kelebonye.

"Gari lipo," alisema Othusitse.

Lilikuwa pikapu la mwaka wa tisini na nane. Mwenye bucha barabarani alikuwa amelitamani siku nyingi, na alijua kusoma uso wa mtu mwenye shida. Alitoa elfu kumi na saba. Ng'ombe wawili waliletwa jioni ile ile kutoka zizi la huyo huyo mwenye bucha, kwa elfu kumi na mbili, kwa hiyo pesa zilitembea hatua chache tu na kurudi kwake. Elfu tano zilizobaki ziliishia kwenye kuni, unga na tangawizi.

Sethunya alimpita mama yake mlangoni akiwa na ndoo ya maji.

"Ungenyamaza tu, Mama. Neno moja."

"Nilitaka ulisikie."

"Nililisikia. Wote walilisikia. Sasa nitakwenda Serowe nikiwa mtoto wa yule aliyejibu."

*

Ng'ombe wa Sethunya walipokelewa. Harusi ilifanyika, hema halikuanguka, nyama ya kutwangwa ilitosha. Siku ya nasaha za Sethunya, Kelebonye alikuwa na haki ya kuingia chumbani kama mwanamke mwingine yeyote aliyelipiwa. Mmaditiro alimfuata uani akamwomba, kwa upole kabisa, asiingie. Alikaa nje kwenye kiti cha plastiki. Walikuwa wamefunga dirisha.

Chuoni habari ilifika kabla yake. Somo la madeni ya nyumbani alilikabidhi kwa mwalimu kijana, akasema ana kazi nyingi. Barua ya wizara kuhusu mtaala bado haijaja, na hajui kama angenyamaza siku ile ingekuwa imeshakuja.

Gharama yote ni hii. Ng'ombe wanane wa mahari, na wawili wa neno moja. Koti, kofia na viatu. Blanketi la shangazi, na blanketi la mama, ambalo Molatlhegi alilitandika juu ya kaburi, mvua ikalioza. Pikapu. Othusitse sasa hana gari, wala hana ng'ombe hata mmoja wa kumwendea. Mkopo wa elfu thelathini utakaokuwa elfu arobaini na sita na mia mbili ukiisha, na utaisha Kelebonye akiwa na miaka sitini na miwili, miaka miwili baada ya mshahara kukatika. Na Sethunya, ambaye kila Jumapili hupiga simu kutoka Serowe, na humpigia baba yake.